Mtoto Ameshasikilizwa

Hivi wewe umewahi kukaa chumbani, watu wakakuzungumzia kana kwamba umetoka nje? Mimi nimeliona hilo likimpata mtoto niliyekuwa nikimlea, na hadi leo nikilikumbuka chai hainipiti kooni.

Mimi ni bibi wa kulea. Watu wa ustawi wa jamii wakiwa na mtoto ambaye kwao hakukaliki, humleta kwangu, akakaa mpaka wampatie pengine pa kudumu. Wamepita wengi. Huyu nilimbandika jina la Kengele, maana tangu afumbue macho asubuhi alikuwa hanyamazi, swali juu ya swali. Nikivaa miwani yangu ya kushonea, ile yenye mkono uliofungwa kwa uzi mweusi, basi atakuja kunichungulia usoni.

"Bibi, hiyo miwani umeivaa wewe au imekuvaa yenyewe?"

"Niondokee hapa, mtoto mdomo wee!"

Alikuwa na mdogo wake wa kike, Kifaranga, ndio kwanza anajifunza kufunga vifungo vya gauni. Walipoondolewa kwao walitenganishwa, Kengele akaja kwangu, Kifaranga akapelekwa kwa familia nyingine upande wa pili wa mji. Walikuwa wakikutanishwa mara mojamoja pale ofisi ya ustawi, kwenye chumba chenye zulia la kijani na wanasesere waliong'olewa nywele. Kengele alikuwa akimsuka mdogo wake taratibu mno, tena kwa makusudi, ili muda ukiisha kichwa kiwe nusu na wasimamizi waone haya kuwatoa.

Basi tukapata habari kwamba Kifaranga amepata watu wa kumchukua moja kwa moja awe mtoto wao, mke na mume wanaoishi mbali. Kikao cha kuamua kikapangwa. Mimi nikapeleka ombi kwamba aletwe kwangu, wakae pamoja na dada yake. Nikaanza kushona shuka ndogo yenye ukingo wa buluu.

"Kitanda chake tutakiweka hapa chini ya dirisha," nikamwambia Kengele. "Asubuhi jua litamwamsha."

Alilitazama dirisha. "Haya, bibi."

Kengele huyo, akaishia hapo! Nikasema moyoni, ni wasiwasi wa kikao.

Afisa wetu wa ustawi alikuwa binti mchangamfu. Akifika kwangu anavua viatu mlangoni, anapitiliza jikoni kufunua sufuria bila kukaribishwa. Nilikuwa namwita mwanangu, na Kengele anamwita dada. Siku chache kabla ya kikao alikaa na Kengele barazani, mimi nikiwa ndani na cherehani yangu.

"Kikaoni utasema mwenyewe," nilimsikia. "Nafasi yako nitakutafutia. Ila mimi niambie yote yaliyo moyoni, hata mabaya. Yatabaki kwangu."

"Kweli, dada?"

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Kengele akaanza kumweleza kwa sauti ya chini. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, na kitambaa chenyewe sikuwa nimekiweka.

Siku ya kikao tulikuta meza ndefu, wakubwa wamekaa kwenye viti vya mito, na Kengele akawekewa kiti cha plastiki karibu na mlango. Yule afisa akasimama. Hata hakututazama.

"Sasa ni sauti ya mtoto," akasema. "Mtoto anawashukuru. Anampenda sana mdogo wake. Lakini amenieleza kwamba huwa anawaza kumchukua siku ya kuonana, wapande basi, watokomee. Kwa hiyo napendekeza wasionane kwanza, na huko mdogo wake anakokwenda asijulishwe."

Mtu niliyemwachia hadi jiko langu!

"Dada?" Kengele akaita, kwa sauti ndogo kabisa.

Afisa alikuwa anafunika kalamu yake.

Mwenyekiti, mzee mmoja mwenye koti zito, akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Basi mtoto ameshasikilizwa. Tuendelee."

Nikanyoosha mkono. "Samahani, mwenyekiti. Huyu mtoto hajafungua kinywa."

"Bibi, afisa amemsemea. Ndio utaratibu wetu."

"Kwani wewe ukiumwa jino, jirani yako ndiye anayekwenda kung'olewa?"

Wakacheka, mmoja akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Akamgeukia Kengele. "Haya binti, sema. Kwa ufupi."

"Waambie, mjukuu wangu," nikamhimiza. "Waambie unataka aletwe kwetu, kitanda kipo, kila kitu kipo."

Kengele akasimama. Hakumtazama mwenyekiti wala mimi. Alimtazama afisa.

"Yale nilikwambia kwa sababu ulisema yatabaki kwako. Na nilikwambia mpaka mwisho wake. Nilikwambia kwamba kila nikiwaza hivyo, nikifika kituo cha basi nakumbuka sina pa kumlaza, namrudisha. Hapo mbona hukupasema?"

"Nilikuwa nataka mlindwe," afisa akajibu, uso umemshuka. "Wewe bado mdogo, hujui..."

"Uliniambia nitasema mwenyewe."

Mimi nikafungua mdomo nimsaidie Kengele.

"Bibi, na wewe usinisemee."

Nikaufunga. Neno lile lilinichoma, sikufichi. Na hapo ndipo nilipong'amua kwamba katika kushona kwangu kote, na kupima kitanda, na kusogeza makabati, huyu mtoto sikuwahi kumuuliza.

Akafuta pua kwa mkono wa sweta.

"Sitaki aletwe kwa bibi. Bibi ananipenda, lakini kwa bibi ni pa kungojea. Mkipata kwingine mtatuchukua, huyu huku, huyu kule, tena upya. Wale watu wanamchukua moja kwa moja. Kuna mtu amewauliza kama wanaweza kunichukua na mimi? Hakuna. Nataka muwaulize. Nataka niende naye."