Picha Isiyo na Mbuzi

Binti mmoja alipoachika, alijifungia chumbani akachora nchi tupu: udongo mwekundu, wingu zito, hata kisiki hakuna. Shangazi yake alipoiona picha ile, moyo ulimlipuka. Akainyakua brashi.

"Huu ni msiba, mwanangu! Tutie japo mbuzi mmoja, pachangamke."

"Atakula nini, Shangazi?"

"Ale hiyo huzuni yako!"

Binti akamshika mkono, akamwonyesha vishimo vilivyotapakaa udongoni.

"Hapa palijaa visiki. Nimeving'oa vyote mwenyewe. Na hilo wingu ni mvua, Shangazi. Ikinyesha, napanda."

Shangazi akainamia picha, akavitazama vile vishimo kimoja kimoja. Kisha akaibwaga brashi mezani.

"Basi mbuzi hatii mguu humu!"