Kurasa za Mgombani

Uji wa kugundishia huwa mzito kuliko wa kunywa, na hautiwi chumvi. Ildefons, mpishi wa sekondari moja ya wasichana huko Muleba, aliupika Jumatatu moja, mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, kwa amri iliyotoka ofisi ya elimu Bukoba. Alizigundisha kurasa za sitini na moja hadi sabini na mbili katika vitabu arobaini vya baiolojia, akavianika kwenye jamvi la kahawa. Hakuuliza. Mtu aliyeishia darasa la pili haulizi. Tangu mkewe Benigna afariki, amri za wakubwa alizijibu "ndiyo" tu; yaliyobaki aliuambia moshi.

Aliyeuliza ni binti yake Ephrasia, wa kidato cha tatu hapo hapo. Muhula huo nesi alikuwa amewapanga wasichana foleni na kuwabonyeza matumbo, kama ilivyo desturi, na watatu wakafungasha masanduku. Mmoja alikuwa akidhani ni minyoo. Ephrasia na wenzake kumi na mmoja wakaandika barua: kurasa zile za uzazi zifunguliwe, tufundishwe.

Jibu lilikuja haraka, jambo ambalo si kawaida ya ofisi ile. Mambo hayo ni kazi ya mashangazi. Anayetaka kubaki shuleni afute jina lake kabla ya Ijumaa, siku ambayo Ndugu Karugendo, Bwana Elimu, atakuja kukagua.

"Shangazi yangu mimi ni mtawa, Tata," Ephrasia alisema jikoni.

"Najua. Si dada yangu?"

"Sifuti jina."

"Basi kula kwanza."

Jumatano Ildefons aliingia mgombani kukata majani ya kufunikia sufuria la ndizi. Jani la kwanza lilikuwa na maandishi. Alilipangusa kwa kiganja, hayakutoka. Pembeni juu palikuwa na namba 61, na chini yake picha ya tumbo la mwanamke lililopasuliwa kama papai. Majani yaliyoandikwa yalikuwa kumi na mawili. Akafunikia ndizi majani hayohayo, maana saa sita ilikuwa imekaribia.

Wasichana walikula, kisha wakagawana majani.

"Nani ana sitini na sita?"

"Ngoja wewe, bado lina maharage yangu!"

Mkuu wa shule alipita, akasema majani yasitupwe ovyo.

Ijumaa Bwana Elimu alipakuliwa ndizi juu ya ukurasa wa sitini na nane. Alisoma huku akitafuna, akasogeza ndizi kwa kidole ili amalizie mstari wa mwisho.

"Nani kaandika hivi?"

"Mgomba, waitu," Ildefons alijibu kwa heshima.

"Una kibali?"

"Mgomba hauna, Ndugu."

"Mnaona sasa," Bwana Elimu aliwaambia Mkuu na walimu, akaomba maharage zaidi. Kabla ya kupanda Landrova aliagiza ndizi zifunikwe kwa gunia. Wasichana kumi na mmoja walifuta majina. Ephrasia alirudishiwa sanduku lake na jembe alilokuja nalo.

Nyumbani Kimwani migomba ya kibanja ilikuwa imeandikwa vilevile. Mabinti wa jirani walikuja jioni kuomba ukurasa, kama mtu anavyoomba kaa la moto, na mama zao wakawafuata. Jumamosi Ildefons alikuja kupumzika, akausoma wa sabini kwa kidole, neno moja moja. Ulisema mwanamke aliyejifungua akitokwa damu nyingi apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Benigna aliambiwa angoje gari la kijiji. Gari lilikuwa limewapeleka viongozi kwenye mkutano. Alingoja siku mbili.

Aliusoma mara ya pili, akampa Ephrasia jani afunikie chungu.

Mwezi wa saba nesi alibonyeza tena, wakaondoka wawili. Wiki hiyohiyo vitabu vipya vilifika, arobaini, na Mkuu akaja mwenyewe hadi mlango wa jiko.

"Mzee, uji uwe mzito kama ule wa mwanzo."

"Ndiyo," alisema Ildefons. Akabandika sufuria, akakoroga. Hakutia chumvi.