Taka za Dakika ya Kumi na Nne

Kwa miaka kumi na tisa watu wanne walikuwa wakibishana juu ya wimbo mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amechoka.

Walikutana Jumapili mchana kwenye saluni ya Kinyozi, mlango umerudishwa nusu ili wateja wasidhani kuna kazi. Kinyozi alikalia kiti chake cha kunyolea, akijizungusha huku na huku. Mama Vitambaa, muuza nguo za mita, alikaa chini ya kioo. Mwalimu, mstaafu wa somo la hesabu, alikaa karibu na spika. Fundi Saa alikaa juu ya kigoda alichowahi kukileta kutoka nyumbani kikabaki hapo, kwa sababu hakupenda kukalia nywele za watu.

Bendi waliyoipenda waliiita Wazee, hata enzi zile wapigaji wake walipokuwa vijana wenye nywele kichwa kizima. Wazee walikuwa na wimbo ambao hawakuupiga sawasawa mara mbili. Kwenye santuri ulikuwa na dakika nne na haukuwa na kitu. Ukumbini ulifika dakika ishirini, thelathini, hata arobaini, kutegemea usiku wenyewe ulivyoamka. Mashabiki waliuita Ile Ndefu, na kila mmoja alikuwa na usiku wake.

"Usiku waya wa gitaa ulipokatika, ndio wenyewe," Kinyozi alisema Jumapili hiyo. "Mengine yote mnajifurahisha."

"Usiku ule gitaa lilikuwa likilia kama mbuzi aliyefungwa vibaya," Mama Vitambaa akamjibu. "Nilikuwepo. Nilivaa gauni la kijani."

"Wewe kila usiku ulivaa gauni la kijani."

"Basi nilikuwepo kila usiku. Wewe ulikuwa mlangoni unambembeleza bawabu akuingize bure."

Fundi Saa alicheka kidogo, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa na mgeni siku hiyo. Binti wa marehemu kaka yake, msoma mita za maji, alikuwa amehamishiwa mjini miezi miwili iliyopita. Alikulia mbali, kwa upande wa mama yake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miezi minne. Picha zilikuwepo, nne. Sauti haikuwepo popote ila sehemu moja.

Sehemu hiyo ilikuwa kwenye kaseti ya Fundi Saa. Miaka ishirini na tano nyuma, yeye na kaka yake walisimama mbele ya jukwaa la Wazee, kaka ameshika redio kaseti juu ya kichwa kama mtu anayevuka mto na mzigo. Feni ya darini ilikuwa mbovu. Kila ilipozunguka ilitoa mlio, kwii, halafu ko, kwii, halafu ko. Katikati ya Ile Ndefu, bendi ilipopunguza sauti, kaka akapayuka: "Jamani, mjibuni huyo wa juu!" Mpiga ngoma akacheka, akaanza kugonga ukingo wa ngoma pamoja na feni. Besi akafuata. Solo akawa anauliza, feni inajibu. Dakika kumi na saba walipiga hivyo, na hawakuwahi kupiga hivyo tena.

Kila kaseti ya kundi hilo ilikuwa na karatasi yake, na karatasi hizo aliziandika Fundi Saa mwenyewe, saa mkononi. Ya usiku ule ilisomeka: *dk. 6, chupa yaanguka. dk. 9, mama acheka. dk. 14 sek. 20, kaka.*

Kundi lilikuwa pia na kanuni: kaseti haitoki mikononi mwa mwenyewe bila kopi kubaki kwa Kinyozi. Kanuni hiyo aliitunga Fundi Saa, na aliyeivunja ni yeye. Mashine yake ilikuwa imeanza kutafuna utepe, na kaseti zake zote kumi na moja zilikuwa zimeota ukungu. Aliogopa kuipitisha ile moja kwenye mashine hata mara moja zaidi. Mwalimu alikuwa na kompyuta na dekki ya kaseti isiyo mbovu. Wiki tano zilizopita Fundi Saa alimkabidhi mfuko wote wa kaseti, akarudi nyumbani ametulia. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini, aliwaza, hawezi kupoteza kitu.

Binti aliingia, viatu vimejaa vumbi. Akawasalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akachuchumaa karibu na kigoda.

"Ba'mdogo, nimechelewa?"

"Hujachelewa, mwanangu. Mwalimu alikuwa anakungoja."

"Karibu sana," Mwalimu alisema, akisugua viganja. "Leo mtasikia kitu. Kesho kinakwenda kwenye kampuni ya muziki. Wanatoa kanda za kale za Wazee, na ya kwanza kabisa ni hii yetu. Nimeisafisha kwa mikono yangu."

Fundi Saa alilisikia hilo neno, kuisafisha, akalifikiria. Hakuwa mtu wa kuhukumu upesi. Hata saa hupanguswa vumbi. Alivua saa yake, akaiweka gotini, akamfungulia binti karatasi.

Muziki ulianza na makofi. Yalikuwa makofi ya watu wengi mno, kama ya uwanjani, na ukumbi ule haukuwahi kuingiza zaidi ya watu mia mbili. Ndani yake mtu alipiga mluzi. Baada ya sekunde nane akapiga tena, mluzi uleule. Kisha tena. Fundi Saa alihesabu mara tano. Ilimjia picha ya umati wa watu wanaotapika na kumeza, wanatapika na kumeza.

Makofi yalikatika kwenye sekunde ya arobaini, na Wazee wakaingia.

"Alaa!" Kinyozi alipiga paja. "Mwalimu, hapo umeua! Kama wako studio!"

"Sikiliza besi," Mama Vitambaa alisema. "Mimi besi hii nilikuwa siisikii. Nilidhani yule mpiga besi anashika gitaa kwa urembo tu."

Mwalimu alitabasamu akitazama chini, kama mtu anayesifiwa mtoto wake.

Dakika ya sita ikafika, ikapita. Chupa haikuanguka. Dakika ya tisa, mama hakucheka. Sauti ilikuwa nyororo, inateleza, haina pa kushika. Fundi Saa alihisi mate yanamjaa mdomoni. Ilikuwa kama kupewa chakula ambacho mtu mwingine ameshakitafuna, ili wewe usipate taabu.

"Ni hapo?" binti alinong'ona, kidole kikiwa juu ya neno *kaka*. Saa ya gotini ilionyesha dakika kumi na nne na sekunde ishirini.

"Bado. Ameongeza makofi mwanzoni. Ongeza sekunde arobaini."

Wakangoja. Bendi ikapunguza sauti, kama Fundi Saa alivyokumbuka. Binti aliacha kupumua. Dakika ya kumi na tano ikatimia, na pale sauti ya baba yake ilipotakiwa kuwa palikuwa na ukimya mdogo, laini. Kisha mpiga ngoma akaanza kugonga ukingo wa ngoma, polepole, bila sababu. Solo akauliza, akanyamaza. Hakujibiwa. Akauliza tena. Alikuwa kama mzee anayeongea na kiti kitupu.

"Hapa sasa wamepotea njia," Kinyozi alisema. "Mbona wanachechemea?"

"Imepita," Fundi Saa alimwambia binti.

"Imepita vipi? Sijasikia kitu."

"Hakuna kitu."

Akainuka, akabonyeza kitufe mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona akizima muziki wa Wazee katikati. Mama Vitambaa aliacha mdomo wazi.

"Mwalimu," alisema kwa sauti yake ileile ya chini, "feni iko wapi?"

"Nimeitoa. Ilinichukua siku nne, ndugu yangu! Kila mlio na mahali pake."

"Na mtu aliyepiga kelele?"

"Walevi nimewatoa wote. Msikilizaji wa leo hataki vurugu."

"Yule alikuwa kaka yangu. Hakuwa anakunywa."

Mwalimu alimtazama binti, akatazama karatasi mkononi mwake, na polepole uso ukambadilika. Karatasi ile alikuwa ameisoma mara mia. Kwa miaka kumi na tisa alidhani *kaka* ni namna ya kusema mtu fulani tu.

"Hukuniambia," alisema.

"Ungeniuliza. Nipe kaseti zangu, nitamsikilizisha binti kwa njia nyingine."

Mwalimu alijikuna shingo. "Kaseti zile... zilikuwa zinanuka, bwana. Ukungu ulishaanza kuingia kwenye vitabu. Mke wangu akasema ama zitoke hizo ama atoke yeye. Nikawa nimeshamaliza kazi. Nikazitoa."

"Ukazitoa wapi?"

"Gari la taka lilipita Alhamisi."

Fundi Saa alitoka nje. Kulikuwa na bomba ukutani, la kuoshea taulo. Akafungua, akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Hakuwahi kutema mbele za watu tangu utoto wake. Kilichomtia kichefuchefu zaidi hakikuwa kaseti kutupwa, maana watu hutupa vitu. Ilikuwa ile "nikawa nimeshamaliza kazi." Na nyuma ya hapo alijiona mwenyewe amebeba mfuko, anaukabidhi bila kopi, anatembea kurudi nyumbani ametulia. Akatema tena.

Aliporudi, Mwalimu alikuwa akijitetea kwa wengine, maneno yakimtoka mbio.

"Nyie wenyewe mmesema nimeua! Hamjui nilianza na kitu gani. Ngoja niwaonyeshe. Uchafu nilioutoa niliuweka pembeni, ili kampuni wajue kazi niliyofanya. Sikilizeni muone kama kuna mtu angenunua hii."

Akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo, kama mvua ya mbali. Halafu feni. Kwii, ko. Kwii, ko. Kikohozi. Viti. Muziki haukuwepo, ila kivuli chake tu, kama harufu ya chumba alimokaa mtu. Chupa ikaanguka. Kisha mwanamke akacheka, kicheko kirefu chenye mkwaruzo mwishoni.

Mama Vitambaa alishika kifua. "Huyo ni mimi."

Akamgeukia Mwalimu.

"Huyo ni mimi, Mwalimu! Umenitupa na mimi? Miaka yote hii nakuletea chai humu, kumbe kwako mimi ni uchafu?"

"Si hivyo, mama, kitaalamu..."

"Kitaalamu nyamaza."

Fundi Saa alikuwa ameshika saa. Hakukaa. Alimnyooshea binti kidole kimoja, maana yake ngoja. Feni ilizunguka. Kwii, ko.

"Jamani, mjibuni huyo wa juu!"

Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba kidogo, imejaa kicheko ambacho kilikuwa hakijatoka. Binti hakulia. Aliangalia spika kama anavyoangalia mita ambayo namba zake haziaminiki.

"Ana sauti ya juu," alisema hatimaye. "Mama aliniambia ilikuwa nzito."

"Ilikuwa nzito akiwa na mama yako."

Kinyozi alishuka kwenye kiti chake, akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Fundi Saa alimwomba simu yake, na akamwomba Mwalimu ahamishie humo taka zote, sasa hivi, mbele ya macho yake. Mwalimu alifanya hivyo. Kisha Fundi Saa akaiweka simu karibu na spika.

"Bonyeza hiyo safi yako, Mwalimu."

Makofi ya uwongo yakaanza. Fundi Saa alikodolea mshale wa sekunde, uso umekunjamana, akivumilia ule mluzi mara tano. Kwenye sekunde ya arobaini kamili, akabonyeza simu.

Vitu viwili hivyo vikatembea pamoja. Simu ilikuwa na sauti ya bati, spika nene, lakini chupa ilianguka ndani ya wimbo, na mama akacheka ndani ya wimbo. Kaka akapayuka, na papo hapo mpiga ngoma akajibu. Safari hii alikuwa na wa kumjibu. Solo akauliza, feni ikasema kwii, ko, na yule mzee aliyekuwa akiongea na kiti kitupu akawa na mwenzake. Kinyozi alisimama na ufagio wake, hakuna tena aliyechechemea.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe ni feni. Mimi nilikuwa nawasifu wao tu."

Baada ya dakika chache simu na spika vikaanza kuachana, unywele mmoja, nywele mbili, mpaka feni ikawa inajibu kabla ya kuulizwa. Fundi Saa akazima vyote.

"Nitaziunganisha upya," Mwalimu alisema. "Nipe wiki moja. Kampuni nitawaambia wangoje."

"Hapana."

"Basi kesho nawapelekea hii. Wanataka jina la mwenye kaseti. Nitaliandika kubwa, mbele ya langu."

Alinyoosha mkono. Fundi Saa aliutazama mkono huo, kucha zake safi zilizokatwa vizuri, na ile ladha ikampanda tena kooni. Hakuupokea.

"Kwenye hiyo usiniandike," alisema. "Andika jina lako peke yako. Kila kilichomo humo umekifanya wewe."

"Na hizi taka?"

"Taka ni zetu."

Akapangusa kigoda kwa leso, juu na chini, kama anavyofanya kila Jumapili, lakini safari hii akakibeba kwapani. Mama Vitambaa alikuwa ameshachukua mkoba wake. Nje, Fundi Saa akaenda tena kwenye bomba na kusukutua, na haikusaidia.

Binti alikuwa amesimama nyuma yake, simu ya Kinyozi mkononi. Kinyozi alikuwa amempa akae nayo mpaka kesho.

"Ba'mdogo," alisema, "unaijua ile dakika na sekunde ya baba? Nirudishie pale, nimsikie tena."