Sahani ya Makori

Mwanamume akikataa chakula cha mkewe, kwetu Kisii hakuna anayeuliza kama ameshiba. Wanauliza mke ametia nini humo ndani. Sasa nifikirie mimi Nyanchoka, mwaka wa sabini na mbili, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai upande wa Kericho, ukuta wetu na wa jirani ni mmoja hata chafya yake unaiitikia, na mume wangu Makori anaisukuma sahani ya nyama.

“Punguza mafuta,” akasema. “Na chumvi pia.”

Chumvi inapunguzwaje kwenye chakula kilichoiva? Nilimuuliza hivyo hivyo. Alikula ugali na mboga zilizochemshwa bila kitu, akaenda kulala mapema, kuku wa jirani hawajaingia.

Makori alikuwa mtu wa boila kiwandani, kazi yake kulisha kuni moto unaokausha chai. Tangu anioe nilimjua kwa nyama ya mafuta, sigara, na busaa, pombe yetu ya nafaka, kila Jumamosi. Ghafla busaa ameacha, sigara ameacha. Alfajiri anatoka, anapanda kilima mpaka msituni, anarudi mikono mitupu, na hakutumwa na mtu. Nilimshuku. Nani asingeshuku? Mwanamume wa miaka hamsini haanzi kujitunza hivi hivi. Nikajisemea, kuna mwanamke kule kijijini Kiptere anayempikia, ndiyo maana vyangu vinamchefua. Asubuhi moja nikajifunga leso nikamfuata. Mtu mzima alipanda, akagusa mti, akashuka. Hakukuwa na mwanamke, hakukuwa hata na mbuzi. Nilirudi nimelowa umande mpaka magotini, na hasira yangu ikakosa pa kutua.

Wilkista, jirani yangu kutoka kule ziwani, ndiye aliyenifumbua macho. “Mama Bogonko,” akaniambia tukichuma chai, “mimi si mtu wa maneno.” Mtu akianza hivyo, jua maneno yanakuja. “Watu wanasema mzee wako anakiogopa chakula chako. Amekonda.”

“Amekonda tumbo! Humwoni akibeba kuni siku hizi? Vijana wanahema, yeye anapiga mluzi.”

“Hilo nalo wanalisema. Mtu wa miaka hiyo kupata nguvu hivyo, amelishwa kitu.”

Mungu wangu! Akikonda nimemtilia sumu, akipata nguvu nimemtilia dawa. Nililia pale pale kati ya majani ya chai, kikapu mgongoni. Jina la omorogi, yaani mchawi, likikushika kwetu halioshwi kwa sabuni. Unarudishwa kwa mama yako, watoto wanabaki, na mabinti zako hakuna wa kuwaoa.

Jumapili akafika Ogari, kaka mkubwa wa Makori. Kule Kisii maneno yalikuwa yameshamfikia. Hakukubali hata chai.

“Shemeji, pika nyama,” akasema. “Ya mafuta. Nataka kumwona ndugu yangu akila.”

Nilipika. Nikaweka sahani mbele yao. Makori akaitazama nyama, Ogari akamtazama Makori. Nje akina Wilkista wakanyamaza, na wanawake wa pale hawanyamazi bure.

“Kula,” Ogari akasema. “Au niambie mbele yake kwa nini huli.”

Makori akashusha pumzi. “Nilikwenda dispensari, kwa Johana, yule dresa anayetutibu wafanyakazi. Akanifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatikisa kichwa. Akasema, mzee, nje una hamsini, lakini ndani mishipa yako imeshafika sabini. Akaniuliza, bomba la boila likijaa masizi linakuwaje? Nikamwambia linapasuka. Akasema basi, ndivyo ulivyo. Miaka hairudi, lakini unaweza kuizuia isikimbie. Punguza chumvi na mafuta, acha sigara na pombe, tembea, lala mapema. Ni hayo tu, kaka. Nilinyamaza kwa sababu kiwandani wakisikia mtu wa boila ana presha, watamrudisha nyumbani.”

Ogari akacheka mpaka machozi. “Kumbe presha! Na sisi tumeshamhukumu mama wa watu!” Akaivuta sahani, akaila nyama yote, akaniomba radhi mdomo umejaa. Nje kelele zikaanza tena.

Nilifurahi, kwa nini nikatae? Nilifurahi mpaka Ogari alipopanda basi. Lakini nikiwa naosha vyombo, jambo moja likanikwama. Makori anaogopa sindano kuliko nyoka. Alipougua malaria tulimbeba kwa nguvu. Safari hii nani alimpeleka?

“Baba Bogonko, kwa dresa ulikwenda mwenyewe?”

“Kichwa kilikuwa kinauma. Moyo unaenda mbio.”

“Kichwa kimekuuma miaka. Ulikwenda kumuuliza nini?”

Akatazama mlango. Makori hajui kusema uongo, hilo namshukuru na namlaani nalo. “Nilimuuliza kama kuna kitu ndani yangu. Kama kuna mtu amenitilia.”

“Mtu gani?”

Kwenye nyumba ile mpishi alikuwa mmoja.

“Johana akasema hakuna sumu,” akanong'ona. “Nikaona aibu, mama. Ndiyo maana sikukuambia.”

Amezeeka vizuri, huyo mume wangu. Wa rika lake wengi tumeshawazika, Ogari pia, na yeye bado anapanda kilima bila fimbo. Wanawake huja kuniuliza siri. Nawaambia ni mboga, usingizi na miguu. Siwaambii kwamba tangu Jumapili ile, kila nikimtengea chakula, nachota tonge mimi kwanza mbele ya macho yake, vile unavyomfanyia mgeni asiyekujua. Hajawahi kuniambia niache. Hungoja nimeze, ndipo naye ananawa.