Skrubu ya Chini

Bandani asubuhi ile tulikuwa wanne: mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na minne ya kuendesha boti watu wote humwita Kapteni; dada yake, yaani wifi yangu, mwenye mimba ya miezi tisa kasoro siku chache; fundi wa mashine aliyebandikwa jina la Polepole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumharakisha; na mimi, mwalimu wa darasa la tano.

Hospitali yenye chumba cha upasuaji iko ng'ambo ya mto. Siku iliyotangulia, mkunga alimpima wifi, akasema mtoto amelala kwa kukingama na kwamba mama asingoje uchungu umkute nyumbani; avuke kesho yake kabla ya jioni. Boti ya jirani ilikuwa imepanda mto na isingerudi kabla ya jioni hiyo. Ilibaki yetu, ambayo huvuka kwa dakika arobaini. Lakini katikati ya safari hiyo kuna mahali mto unapobana, na maji huvutwa kwa nguvu kuelekea kwenye miamba. Gia ikikataa pale, makasia hayasaidii kitu. Nimepita pale mara nyingi, na kila mara nimefumba macho.

Ndiyo maana nilimwita fundi. Kapteni hakupenda.

“Mwalimu, mashine nimeikagua Jumamosi,” alisema. “Oili ya gia imejaa. Si uliandika mwenyewe?”

Ni kweli, niliandika. Ukaguzi wetu ulikuwa na utaratibu tuliourithi kwa baba mkwe. Kwenye mguu wa mashine, ile sehemu inayozama majini na kubeba gia za propela, kuna skrubu mbili, moja juu na nyingine chini. Kapteni hufungua ya juu, hutia kijiti chembamba, na kijiti kikitoka kimelowa hutamka, “Imejaa.” Nami hutia alama daftarini. Skrubu ya chini haikuguswa tangu enzi za marehemu, aliyeamini kwamba ukiifungua mara moja itavuja maisha. Wiki kumi na moja, alama kumi na moja, na hatukuwahi kuongeza oili hata tone. Nililionea fahari daftari lile.

Polepole aliusoma ukurasa mzima, kisha akainua macho.

“Mashine ya umri huu, wiki zote hizi, haijapungua?”

“Inatunzwa,” alijibu Kapteni.

“Hata mimi situnzwi hivyo, bwana, na nina wake wawili.”

Wifi alicheka hadi akashika tumbo. Polepole alitoa beseni kwenye pikapu yake, akaliweka chini ya mashine, iliyokuwa imesimama kwenye fremu yake ya mbao tangu jana, akaikabili skrubu ya chini. Ilikuwa imeganda. Aliigonga, akaipaka mafuta, akangoja, akaigonga tena. Ilipolegea yalidondoka matone mawili matatu. Alipofungua na ya juu ili hewa ipite, yalitoka maji. Maji ya mto, karibu nusu kikombe. Nyuma yake ikafuata oili nzito, nyeupe kama maziwa.

“Kaka, mashine yako imeanza kunyonyesha kabla yangu!” alisema wifi.

Safari hii alicheka peke yake.

“Sili ya shafti, ule mpira unaozuia maji yasiingie, imechoka,” alisema Polepole. “Oili inatoka kidogo kidogo, maji yanashika nafasi yake. Na maji ni mazito kuliko oili, yanakaa chini, yanaipandisha oili juu. Kijiti chenu kilikuwa kinaonja juu tu.”

Kumbe kutopungua kwenyewe ndiko kulikuwa dalili, nami nilikuwa nikitia alama kila Jumamosi. Katika wiki hizo tulimvusha wifi kliniki mara mbili.

“Tia oili mpya tuondoke,” alisema Kapteni. “Ni dakika arobaini tu.”

“Tuijaribu kwanza.”

Aliijaza kupitia tundu la chini, taratibu, mpaka oili ikachungulia juu bila povu, ndipo akafunga zote mbili. Wanaume waliuzamisha mguu wa mashine katika pipa la maji, wakaiwasha. Nilitazama saa. Wifi alikuwa amekaa juu ya kreti. Nilimwona akilikamata ukingoni kwa mikono miwili.

“Ni mgongo tu, wifi,” alisema kabla sijamuuliza.

Baada ya dakika kumi na mbili alilikamata tena. Safari hii hakunidanganya.

Mashine ilipozimwa, Polepole aliilegeza skrubu ya chini na kukinga matone kiganjani. Oili iliyotiwa muda si mrefu ilikuwa tayari imefifia kwa ukungu. Aliisugua kwa kidole gumba, akatuonyesha vipande vidogo vinavyometa.

“Meno ya gia. Yanasagika.”

“Itafika, au haitafika?” aliuliza Kapteni. Sauti haikuwa yake.

“Labda itafika ng'ambo. Labda itafika pale panapobana.”

“Na sili?”

“Ya mashine hii inauzwa huko huko ng'ambo.”

Ilibaki barabara: saa nne za mashimo, kwa kuzunguka darajani.

“Barabara ile itamuua,” alisema Kapteni.

“Mnasema kana kwamba mimi sipo,” alisema wifi. Jasho lilikuwa limemtanda usoni. “Kaka, gia ikikataa pale, utafanya nini?”

Kapteni alianza kufuta mikono yake kwa kitambaa. Ilikuwa myeupe kwa oili. Wifi akanigeukia.

“Wifi, wewe ndiye unayeshika saa. Sema.”

Nilisimama, maana nikiwa nimekaa nisingeweza kulitamka.

“Boti haitoki,” nikawaambia. “Tunapita barabarani, sasa hivi. Fundi, lete pikapu yako hadi mlangoni. Kapteni, tandika godoro nyuma, kisha umfuate mkunga aje na mkoba wake, tunakwenda naye. Mimi napiga simu hospitali, gari lao litukute darajani, tusimalize njia yote peke yetu. Uchungu unakuja kila baada ya dakika kumi na mbili. Atakayetaka kubishana nami, abishane tukiwa garini.”