Fingo Halijui Utani

Mimi ni fundi wa mafingo. Watu wakiharibikiwa na friji wanamwita fundi wa friji. Wakifungiwa nje na dawa waliyoizika wenyewe mlangoni, wananipigia mimi. Nina pikipiki, nina ndoo, nina kitambulisho chenye picha mbaya, na subira sina. Jina langu Salome. Babu yangu alitoka Tabora kuja Korogwe kukata mkonge, akasahau kurudi, ndiyo maana mpaka leo mimi ni Mnyamwezi wa Masuguru na Wazigua wote ni watani zangu. Nawatukana na wananitukana, na hakuna anayekwenda polisi.

Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu na kijana anayeitwa Kibwana, fundi umeme wa Hale.

"Dada Salome, nyumba ya bibi yangu inamkataa mchumba wangu."

"Inamkataaje?"

"Inamtoa nje."

Akanieleza. Jumapili alimpeleka mchumba wake, Husna, kwa bibi yake nje kidogo ya Kabuku, akatambulishwe. Husna alipokanyaga kizingiti, ndala zake ziligeuka zenyewe zikampeleka mpaka barabarani. Akarudi peku, mkeka wa sebuleni ukamviringisha na kumwacha uani. Mara ya tatu alishika nguzo ya mlango kwa mikono miwili, ushungi ukamvuka ukapaa juu ya mpapai, mbele ya shangazi watatu wa bwana harusi. Habari zikafika Korogwe kabla ya yeye mwenyewe kufika. Baba yake, Mzee Mhina, akasema haozeshi binti yake kwenye nyumba inayomtema. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Nyumba ikimkubali Husna kabla ya Ijumaa jioni, sawa. Isipomkubali, kila mtu abaki kwao.

"Si mkaishi Hale?" nikamuuliza.

"Bibi ndiye aliyenilea tangu nanyonya. Nioe halafu mke wangu asiingie kwa bibi? Dada, hapo nitakuwa nimeoa nini?"

Kwa asiyejua, fingo ni dawa inayofukiwa kizingitini kulinda nyumba. Watu wanadhani lina akili. Halina akili, lina masikio tu. Linawasikia watu wawili, mwenye nyumba na mkewe, na sisi wengine wote kwake ni upepo. Halisomi, halitazami sura, na kubwa kuliko yote, halijui utani. Ukiliambia neno, ni hivyo hivyo ulivyolisema. Mama mmoja wa Segera alimwambia mumewe "potelea mbali" wakiwa wamesimama mlangoni, nikamtafuta yule bwana siku tatu.

Nilipofika Kabuku nilimkuta Husna amekaa kwenye benchi la duka, ng'ambo ya njia, anaitazama ile nyumba kama mtu aliyenyimwa chakula. Kibwana alikuwa uani. Barazani alikaa Bibi Fatu, mwembamba, macho makali, anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Nimeomba fundi, wameniletea mpagazi. Mzigo umeuweka wapi?"

"Nimekuja kukubeba wewe. Wazigua mkikosa wa kumroga mnajiroga wenyewe, halafu mnatusumbua sisi."

Akacheka mpaka ungo ukamtikisika. Tukaelewana hapo hapo. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Mume wangu, mpe mgeni kigoda. Na chai yako inapoa."

Sikulitilia maanani. Nani asiyejua kwamba bibi humwita mjukuu wake mume? Tena huyu alirithi jina la babu yake: mzee alikuwa Kibwana, na mjukuu ni Kibwana. Kwa utani wa huku, huyo ni mume mara mbili.

Nikamimina maji kizingitini. Ndivyo tunavyolihoji fingo: mimi nauliza, mwenye nyumba anarudia maneno yangu, na maji yanajibu. Yakiingia ndani ni ndiyo, yakitoka nje ni hapana.

"Hii ni nyumba ya nani?" nikasema, na Bibi Fatu akarudia. "Ya Iddy?" Huyo ni mwanawe, baba yake Kibwana, anaishi Tanga. Maji yakatoka. "Ya Kibwana?" Yakaingia.

"Unamlinda mke wa Kibwana?" Yakaingia.

"Mke wa Kibwana ni Husna?" Maji yaliruka, yakanilowesha suruali mpaka magotini. Nikaangalia yalikotoka, nikamwangalia yule bibi, nikaanza kuhisi jambo ambalo sikulipenda.

"Ni Fatu?"

Yakaingia ndani taratibu, yakapita chini ya meza, yakatokea mlango wa barazani, yakamzunguka bibi miguu.

Kibwana akashika kichwa. "Nimemwoa bibi yangu?"

"Miaka mingapi anakuita mume wangu?"

"Tangu nazaliwa!"

"Basi hongera. Na Husna anakuja kuwa mke mwenza, ndiyo maana anatolewa."

Nilitegemea bibi atacheka. Hakucheka. Akarudi kwenye mchele wake na kuchambua mahali palipokwisha kuchambuliwa. "Hilo fingo aliliweka babu yenu," akasema. "Mimi sijui lolote."

Kabla sijasema neno, Kibwana akajitia mwanamume. Alisimama mlangoni, akatamka kwa sauti ya mtu aliyesoma madrasa akafaulu: "Fatu, nimekuacha!"

Nilipiga kelele nikiwa nimechelewa. Ndani kulisikika kishindo. Likatoka godoro, limejikunja lenyewe. Zikafuata sufuria tatu kwa ukubwa wake, kinu, mchi, na sanduku la kanga lililokuwa linaburuzika na kugonga kila mahali. Mwisho kikaja kiti cha bibi, kikiwa na bibi mwenyewe juu yake, kikampeleka mpaka chini ya mpapai na kumtua. Ule ungo alikuwa bado ameushika, na hakumwaga hata punje.

"Mrejee!" nikamfokea yule kijana. "Mrejee sasa hivi!"

"Nimekurejea, bibi! Fatu! Nimekurejea!"

Vitu vikarudi kimoja kimoja, kwa hasira, kama vilivyosumbuliwa bure, na mwisho kiti kikamrudisha bibi barazani. Ng'ambo ya njia Husna alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

"Mjinga wewe," Bibi Fatu akamwambia mume wake.

Nikachukua maji mengine. Hasira zilikuwa zimenipanda, na nikiwa na hasira ndipo kazi yangu inapokwenda vizuri. "Bibi, rudia maneno yangu. Wewe fingo, ulizikwa na Kibwana?"

Alisita, kisha akarudia. Maji yakatoka nje.

"Ulizikwa na Fatu?"

Hakurudia. Aliweka ungo chini. "Acha kulisumbua," akasema. "Nililizika mimi."

Ikatoka hadithi ambayo hata mwanawe hakuwahi kuisikia. Miaka hiyo mumewe alikuwa na safari nyingi za Mkata, na Mkata kulikuwa na mwanamke muuza maandazi. Bibi Fatu hakugombana naye. Alikwenda kwa mtaalamu mmoja Handeni, akarudi na chupa ya fingo, akaichimbia kizingitini mume akiwa shambani, na akaliambia: mwanamke mwingine wa Kibwana asivuke mlango huu.

"Likafanya kazi?" Kibwana akauliza.

"Alikuja siku moja na beseni la maandazi. Likamrudisha mpaka Mkata kwa mguu, yeye na beseni lake. Hakurudi tena. Babu yako mpaka mwisho wake alidhani alikosa mke wa pili kwa sababu hakuyasifia yale maandazi ya kutosha."

Tulicheka sote watatu. Kisha nikamweleza dawa yake, nikaona ni nyepesi. Fingo linamlinda mke wa Kibwana dhidi ya mke mwenza. Kibwana aliyekusudiwa ni mzee, na mzee amekufa miaka sita iliyopita. Fingo halijui. Likiambiwa, kazi yake imekwisha.

Kibwana akakimbia ndani, akatoka na cheti cha kifo, akakiweka kizingitini. "Halisomi," nikamwambia. Akafungua mdomo alitangazie yeye. Nikauziba kwa kiganja. "Wewe linakujua kama Kibwana mume. Ukisema Kibwana amekufa, litaamini, na mimi sina dawa ya kukufufua. Aseme bibi. Na aseme kwa jina kamili, Kibwana wa Sabiri, lisije likakuangukia wewe, Kibwana wa Iddy."

Bibi Fatu akasimama, akajifunga kanga vizuri. Akakohoa.

"Mume wangu, Kibwana wa Sabiri, hatunaye."

Taa ya barazani ikawaka, mchana kweupe. Nyumba ilikuwa inamwashia taa mtu aliye safarini.

"Hapana, bibi," nikasema. "Halijui lugha ya adabu. Sema lilivyo."

"Mume wangu, Kibwana wa Sabiri, ametangulia."

Viatu vya bibi vikatoka chini ya kitanda, vikapita kati yetu, vikajipanga kwenye njia vikielekeza vidole barabarani. Ametangulia, basi na yeye afuate. Nikavidaka haraka nikavikalia.

"Mume wangu amelala."

Madirisha yakajifunga polepole. Jogoo wa jirani akakatika katikati ya kuwika. Mji mzima ukanyamaza ili mzee asiamshwe, na hata mimi nikajikuta nanong'ona: "Bibi, jamani. Lina neno moja tu. Amekufa. Herufi saba."

"Usinihesabie herufi."

"Mchumba wa mjukuu wako ameketi juani tangu asubuhi! Kesho jioni baba yake anavunja ndoa. Unaona shida gani kutamka neno moja?"

Alinitazama, na ule ukali wote ulikuwa umemtoka machoni. Nikaona haya kwa sauti niliyotumia.

"Siku ile walijaa humu ndani," akasema. "Wanawake wa Kabuku nzima. Kila anayenipa mkono ananiambia, usilie Fatu, mumeo si huyu hapa amebaki? Wakanisukumia huyu mtoto. Ana miaka kumi na tisa, anatetemeka. Nikaona aibu kulia mbele yake. Nikamwambia, mume wangu, twende ukale. Eda nilikaa, nyeupe nilivaa, nikapokea wageni nikawachekesha. Lakini neno hilo sijalitoa mdomoni hata siku moja. Nikilisema litakuwa."

Kibwana alikuwa amepiga magoti kando yake, mtu mzima na mabuti ya kazi. "Bibi, mimi siondoki," akasema. "Nikioa siondoki."

"Wewe nakujua huondoki. Namzungumzia mwenzangu."

Nilimwambia tu kilichokuwa kweli. "Limekwisha kuwa, bibi. Miaka sita. Umebaki wewe na hiyo chupa."

Akaishika nguzo ya mlango.

"Mume wangu," akasema, "Kibwana wa Sabiri. Amekufa. Alikufa Jumanne, alasiri, nimemshika kichwa. Amekufa."

Hakuna kilichoruka. Taa ikazima, madirisha yakaachia, jogoo akamalizia alipokatishwa. Maji yaliyokuwa yamemzunguka bibi miguu yakazama ardhini yakaacha udongo mkavu. Nimefukua mafingo kwa miaka kumi na mbili, na naweza kukwambia kwamba fingo lililomaliza kazi halipigi kelele hata kidogo.

Nikampungia mkono Husna. Alivuka njia, akavua ndala akazishika, akafumba macho akanyanyua mguu juu ya kizingiti kama anayevuka mto asioujua kina. Ukatua ndani. Akafumbua jicho moja. Akaweka wa pili.

Hapo ndipo Bibi Fatu alipoanza kulia. Si kulia kwa kanga mdomoni. Alilia kwa sauti, akaketi chini sakafuni, akimwita mumewe kwa jina na kumsema kwa mambo ya zamani, kwa nini alikataa kwenda hospitali mapema, kwa nini alimwachia shamba la mahindi halijapaliliwa. Husna hakujua pa kuziweka ndala. Alizitupa tu, akaketi sakafuni naye, akamvuta yule bibi kifuani mwake akamshika. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemkataza.

Kibwana alitoka kwenda kumpigia simu Mzee Mhina. Nilimsikia akisema, "Baba, ameingia. Ndiyo, yumo ndani. Hapana, hatoki leo, kuna msiba." Upande wa pili palikuwa na maswali mengi.

Mimi nilianza kukusanya ndoo yangu. Nilikuwa na kazi nyingine Segera, na nilikuwa na kiherehere cha kuondoka, maana mtu kama mimi anayeishi kwa kuchamba watu hajui akae wapi watu wakilia. Bibi Fatu akaniona nikiinuka. Akajifuta uso kwa mtandio wa Husna.

"Wewe Mnyamwezi."

"Naam, bibi."

"Mtani," akaniambia, "nimefiwa."

Hayo ndiyo maneno ambayo mfiwa humpelekea mtani wake kabla hata ya kuwaambia majirani, na mtani akishaambiwa haagi. Nikamimina maji ya fingo yaliyobaki, nikavua viatu, nikauliza kisima kiko upande gani. Siku ya kwanza ya msiba, mtani ndiye huteka maji.