Kidonge Mfukoni mwa Shati

Nilikuwa nakunja shati la baba mkwe kama ninavyolikunja kila asubuhi nyumbani, kola juu, mikono ndani, mara kitu kigumu kikanichoma kidole. Nikatia mkono mfukoni. Kilikuwa kidonge kirefu cheupe, bado kimo ndani ya karatasi yake, pembe moja imekwaruzwakwaruzwa kwa kucha.

Nilikitambua mara moja.

Muda mfupi tu kabla, pale hospitalini, sista alikuwa amemweleza baba mbele yangu. Jiwe limeziba mfereji wa nyongo, na daktari atapitisha mpira wenye kamera mdomoni ili alitoe. Lakini njia hiyo inapakana na ya kongosho, na kongosho likisumbuliwa huweza kuvimba.

"Likivimba, mzee, si mchezo. Wengine tunawapoteza. Ndiyo maana tunatanguliza hiki, kinawekwa njia ya haja kubwa."

"Mbele mpira, nyuma risasi," baba alisema. "Mnanitibu au mmeniteka?"

Sista alicheka mpaka akafuta machozi. Alipotaka kumwekea, baba alimpokonya kidonge akajifungia msalani. Alitoka na neno moja, "Tayari," akabadilishwa nguo, shati nikaachiwa mimi, kitanda kikasukumwa hadi chumba cha matibabu.

Nilikimbia na kidonge mkononi. Mimi ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani, nilisukuma mlango ulioandikwa "Usiingie".

"Msimguse! Hajaweka dawa!"

Daktari aliganda. Sista, sindano ya usingizi mkononi, alikitazama kidonge kwenye kiganja changu kama ameona nyoka.

"Mzee! Si ulisema tayari?"

Baba alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. "Mwanangu, nenda nje."

"Siendi, Baba." Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. "Utakufa kwa ajili ya aibu?"

"Bila hiki sianzi," daktari alisema. "Kama ni haya, sote tutageuka, abaki sista peke yake."

"Nani kasema ni haya?" baba aliuliza.

Taratibu baba akatoa mikono chini ya shuka. Ilikuwa ikitetemeka, vidole vikigongana. Naishi naye nyumba moja, na sikuwa nimewahi kuiona hivyo.

"Karatasi ilinishinda kufungua," alisema. "Nimehangaika nayo mle ndani mpaka jasho likanitoka. Mikono yangu haishiki kitu siku hizi, nami nawaficha. Nisaidieni, wanangu. Peke yangu siwezi."